Futeni Mchango, Nilikuwa Nimelala Tu

Bristol, Uingereza

Kwa Mjomba wa Kisarawe, Shangazi wa Kibaha Maili Moja, na ukoo wote mlio kwenye kundi la WhatsApp,

  Dhumuni la barua hii ni ile picha.

Nimearifiwa kwamba imezunguka kutoka Chanzige hadi Mlandizi. Inanionyesha alfajiri, kwenye kibanda cha kusubiria basi, mdomo wazi, nimezungushiwa foili kama kuku anayesubiri kuingia kwenye oveni. Nimearifiwa pia kwamba kikao cha kunichangia kimekaa, Shangazi amechaguliwa mweka hazina, na mpaka Jumapili ahadi zilikuwa nyingi na taslimu chache, jambo lililonihakikishia kuwa ukoo wetu haujambo. Ndugu zangu, nawashukuru. Lakini sijafukuzwa kazi wala nyumba. Kitanda changu kipo na kodi nimelipa. Nilikiacha kwa hiari yangu, nikatoa kiingilio kwa pesa yangu, nikaenda kulala kituoni. Shangazi, warudishie watu pesa zao. Walioahidi tu wasihangaike.

Ukweli ni kwamba nimejiunga na klabu ya baiskeli za masafa marefu. Msimu unaanza Machi, baridi ikiwa bado haijaaga. Safari ya kwanza ni ya kilomita 200, na ukomo wake ni saa 13 na nusu. Inafuata ya 300 kwa saa 20, halafu 400 kwa saa 27, halafu 600 kwa saa 40. Ukimaliza zote nne ndani ya msimu mmoja unapewa cheo cha Super Randonneur. Cheo hicho hakina mshahara wala posho ya safari.

Nizipime kwa barabara zetu. Ile ya 200 ni Dar es Salaam hadi Morogoro, safari ambayo tangu mwaka 2024 ninyi mnaimaliza kwa treni ya SGR chini ya saa mbili, mmekaa. Ya 300 ni takribani Kibaha hadi Tanga. Ya 400 ni Kibaha hadi Dodoma. Ya 600 inakufikisha Arusha, na ukifika hakuna mwenyeji anayekungoja na maji ya kuoga.

Mjomba aliponipigia simu aliuliza maswali ya mtu mzima.

“Wa kwanza anapewa nini?”

“Hakuna wa kwanza, Mjomba. Haya si mashindano.”

“Na wa mwisho?”

“Akifika ndani ya muda, anapata kile kile alichopata aliyetangulia.”

“Sasa mnakimbizana na nani?”

“Na saa.”

Alinyamaza kidogo, kisha akasema basi hiyo ya 400 ndiyo inayonifaa, maana inaishia Dodoma, na Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, iko pale pale.

Klabu yenyewe ni ya wazee. Nilitarajia vijana wenye mapaja ya chuma. Nikakuta wastaafu wanaoulizana habari za magoti. Nikajisemea hawa nitawasubiri mbele. Mlima wa kwanza baada ya kuvuka daraja la Severn kuingia Wales, akanipita mzee wa ndevu nyeupe, baiskeli yake ya chuma, yenye madigadi, na mfuko wa turubai nyuma ya tandiko. Kwa malezi mliyonipa sikuweza kunyamaza. Nikamwamkia, “Shikamoo!” Akadhani naishiwa pumzi. Akanipa ndizi. Tangu siku hiyo, nikisikia njaa, naamkia.

Siri ya wazee hawa nimeigundua kwa kuwafuata nyuma, kwa sababu mbele siwezi. Hawana kasi, ila hawasimami ovyo. Wanakula kabla njaa haijauma na wanavaa koti kabla mvua haijaanza. Kijana atawapita kwa mbwembwe, kisha atakaa mgahawani saa nzima akijipiga picha. Wao watapita hapo nje polepole, na hatawaona tena mpaka mwisho wa safari.

Sasa kuhusu kadi. Kila mmoja anapewa kadi yake, na njiani kuna vituo vya ukaguzi vyenye saa ya kufunguliwa na saa ya kufungwa. Ukienda zaidi ya takribani kilomita 30 kwa saa utakuta kituo hakijafunguliwa. Ukienda chini ya takribani 15 utakuta kimefungwa. Ukiwahi ndani ya muda, unagongewa muhuri. Pasipo na mgonga muhuri unanunua kitu dukani, na risiti yenye saa ndiyo shahidi wako. Pasipo na duka, kadi inakuuliza swali ambalo jibu lake liko hapo hapo barabarani. Ndivyo nilivyojikuta saa nane usiku, mvua inanyesha, nahesabu madirisha ya baa iliyofungwa katika kijiji nisichoweza kulitamka jina lake. Taa ya jirani ikawaka. Hebu fikirieni alichokiona: mtu mweusi, usiku wa manane, anahesabu madirisha ya watu. Nikamwinulia kadi. Akaisoma, akanitazama viatu vilivyojaa maji, akanitajia jibu, akarudi kulala.

Mjomba, najua wewe na vizuizi hampatani. Miaka yote ile ulipokuwa ukishuka vilima vya Pugu usiku na baiskeli yako ya Phoenix, magunia mawili kwenye karia na la tatu limelazwa juu yake (sitaji kilichomo, barua hii inaweza kusomwa na watu wa Maliasili), shida kubwa haikuwa mlima. Shida ilikuwa kujua kizuizi kimewekwa wapi usiku huo ili upite pengine. Huku watu wenye akili zao wanaendesha kilomita 50 kukitafuta kizuizi, na wakikikuta kimefungwa wanatokwa machozi.

Shangazi, aya hii iruke. Bukta ninayovaa ina sponji sehemu ya kukalia, na chini ya sponji hupakwa mafuta maalumu ambayo kopo lake dogo linauzwa bei ya jogoo. Kwa hiyo akitokea mtu wa kuja huku, nitumieni mafuta ya nazi ya Kisarawe, chupa kubwa. Asiulize ni ya nini.

Shangazi, rudi, tumefika kwenye chakula. Safari nyingi huishia kwenye ukumbi wa kijiji, na hapo akina mama wa kijiji wanakugawia maharage ya kopo, yana sukari, yamemwagwa juu ya mkate uliobanikwa. Mara ya kwanza nilidhani jikoni wamechanganya sahani mbili. Baada ya kilomita 300 niliomba nyongeza.

Na picha je? Ni ya ile safari ya 400. Ikifika saa tisa usiku akili ya mpanda baiskeli huanza kuchezacheza. Mwenzetu mmoja aliona mti umevaa koti, akaupisha njia na kuuaga. Kwetu tungeshamwita mtaalamu kutoka Maneromango. Huku dawa yake ni kulala robo saa, na hoteli ni kibanda cha basi: kina paa, kuta tatu na benchi, na saa hizo hakuna basi la kukusumbua. Foili ni ya kuzuia joto la mwili lisitoroke. Aliyenipiga picha hakuwa msamaria wala mwandishi wa habari. Alikuwa akisubiri zamu yake ya benchi.

Msidhani ni kichaa cha Bristol peke yake. Mwaka 1891 mwandishi wa Ufaransa, Pierre Giffard wa gazeti la Le Petit Journal, aliandaa mashindano kutoka Paris hadi Brest, mwambao wa magharibi, na kurudi, takribani kilomita 1,200. Charles Terront alishinda kwa saa 71 na dakika 22, akiwa na tairi za upepo za Michelin wakati upepo ndani ya tairi bado ulikuwa jambo la kubishaniwa. Mwaka 1910 mwokaji Louis Durand akatengeneza keki ya duara, mfano wa gurudumu, ikapewa jina la Paris-Brest. Safari yenyewe haina tena mshindi. Husimamiwa na Audax Club Parisien, klabu iliyozaliwa 1904, na huku Uingereza wenzao ni Audax UK, chama cha tangu 1976. Safari hiyo ya Paris hufanyika kila baada ya miaka minne. Ya mwisho ilikuwa Agosti 2023, na watu zaidi ya 6,000 walijitokeza kuteseka. Ukomo wa kawaida ni saa 90. Kwa ramani yetu, umetoka Dar es Salaam ukafika Mwanza, na bado unadaiwa. Wanavijiji wa huko huweka meza barabarani usiku kucha, na kugawa kahawa na maji bure, na wengine wanachoomba ni kutumiwa kadi ya posta tu. Ijayo ni 2027. Ili kuingia lazima kwanza mwaka huo huo umalize zile safari nne. Nimeshaanza kuyaandaa magoti yangu kisaikolojia.

Mjomba, kaa kitako nikwambie jambo. Nimewachunguza hawa wazee msimu mzima. Wana gia zaidi ya ishirini. Wewe ulikuwa na moja. Wana taa inayomulika mpaka kona ya pili. Wewe ulikuwa na tochi mdomoni. Mzigo wao ni sandwichi na koti la mvua. Wako ulikuzidi uzito, na ulitakiwa ufike mjini kabla wateja hawajawasha majiko. Yote wanayofundishana, kwenda mwendo mmoja, kutosimama ovyo, kutoshindana na anayekupita, wewe ulishayajua kabla sijazaliwa. Kilichokukosesha cheo ni muhuri tu. Karatasi pekee uliyowahi kupewa njiani ni risiti ya ushuru.

Kwa hiyo nina ombi. Desemba nikija, tufanye safari yetu: tuanzie Maili Moja, twende Mlandizi, tukate kushoto kwenda Mzenga, tupite Maneromango, tumalizie Kisarawe. Kadi nitachapa mimi. Shangazi atagonga muhuri wa kuondokea, na kwa kuwa ameshazoea kushika daftari, asimruhusu mtu kuondoka kwa ahadi. Kila penye mama ntilie patakuwa kituo. Mjomba atatangulia na Phoenix yake, na sisi wengine tutakaa nyuma yake, hata binamu mwenye baiskeli ya gia. Sheria ni mbili tu: hakuna wa kwanza, na atakayefika kwa bodaboda hagongewi kadi.

Anzeni mazoezi sasa, maana jua la Desemba mnalijua. Na mafundi wa Maili Moja waambieni mapema wasitupandishie bei ya kiraka.

Wasalaam,
Mtoto wenu wa Bristol