Goti Linauma, Paja Linashitakiwa

Ukitaka kujua mtaa wenu una madaktari wangapi, chechemea. Mimi nilichechemea kutoka mlangoni hadi gengeni, na kabla sijafika nilikuwa nimeshaandikiwa dawa za kutosha. Mama muuza genge alisema goti limeisha ute, ninywe maji ya bamia zilizolala usiku kucha. Wazee wa barazani wakasema hapana, supu ya makongoro, tena ile inayonatisha midomo. Shemeji yangu, ambaye sijawahi kumsikia hata akipiga chafya, akatoa hukumu: nikasafishwe goti kwa mashine.

Maji ya bamia nimeyanywa na sitaki kuyazungumzia sana. Yanateremka yenyewe bila kukuomba ruhusa, na yakifika tumboni yanasagwa sawa na mlo mwingine wowote. Hakuna bomba linalotoka hapo kwenda gotini. Makongoro nayo ni hivyo hivyo, ila makongoro sina ugomvi nayo.

Kuhusu kusafishwa, shemeji amechelewa. Mwaka 2002 madaktari wa Houston, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 180 wenye magoti yaliyosagika. Wengine waliingiziwa vifaa wakasafishwa kweli, wengine walichanwa ngozi tu wakashonwa, na hakuna mgonjwa aliyeambiwa amefanyiwa kipi. Miaka miwili baadaye, waliosafishwa hawakuwa na nafuu yoyote kuwazidi waliochanwa na kushonwa. Nilipomsimulia shemeji, alisema Wamarekani wana mambo yao.

Basi nikaenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, binti wa rika la kitinda mimba wangu. Akaniamkia vizuri, akalibonyeza goti, kisha akaliacha na kuanza kulisema paja. Yaani nimepeleka goti, yeye anauliza habari za jirani.

"Baba, ute haujaisha. Goti limejaa maji, ndiyo maana limevimba."

Eti maji hayo yana fitina. Goti likivimba, neva hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, na kutoka huko msuli mkubwa wa mbele ya paja huzuiwa kufanya kazi kwa nguvu zake zote. Mwenye paja hana habari. Anaona goti linauma, anakaa. Akikaa, paja linasinyaa. Paja likisinyaa, goti linabebeshwa kazi ya watu wawili. Akachukua futi kamba, akapima paja la kulia na la kushoto, akaniandikia tofauti kwenye kadi yangu kwa wino mwekundu. Sikuona sababu ya wino mwekundu.

Kitambi nacho hakikusalimika. Inasemekana kila kilo moja unayopunguza, goti linapunguziwa mzigo wa kilo kama 4 katika kila hatua. Hesabu tamu kwa aliyepunguza. Mimi niliisikia kutokea upande wa pili.

Dawa aliyonipa inaudhi kwa sababu ni ya bure. Kaa kwenye kiti, simama bila kushika kitu, kaa tena polepole. Hiyo "polepole" ndiyo mateso yenyewe. Kwa umri wangu mtu hakai, hujiachia, na kiti cha plastiki kinajua chenyewe la kufanya. Msibani ndiko siri hufichuka: ukishakalishwa kwenye mkeka, kuinuka kunahitaji vijana wawili na dua fupi, na waombolezaji wanakuangalia kwa macho ya kukadiria. Ya choo cha kuchuchumaa nitanyamaza, gazeti hili linasomwa na familia.

Ngazi zina sheria yake. Kupanda, mguu mzima unatangulia; kushuka, ule mbovu. Binti akanifundisha namna ya kukumbuka: wema peponi, waovu motoni. Tangu hapo kila nikishuka ghorofani naonekana nasoma dua, kumbe napanga miguu. Na mkongojo, kama utaufikia, unashikwa mkono wa upande wa goti zima. Wazee wote mnaowaona kwenye tamthilia wakiushika upande unaouma wanaigiza tu.

Nikadhani tumemaliza. Akasema bado mizani ya mwili. Ndani ya misuli na kano za goti mna vihisio vinavyoueleza ubongo mguu uko wapi, na goti bovu hutoa taarifa za kubabaisha. Hapo nilimwelewa haraka, maana nimepanda daladala. Konda anapiga bodi wakati mguu wako mmoja tu ndio umegusa lami, na huo mmoja haujaamua kama umefika. Paja lenye nguvu na goti linalojua liliko ndivyo vitu pekee vinavyokutenganisha na mtaro.

Kwa hiyo nasimama mguu mmoja jikoni, mkono karibu na meza, nikisubiri chai ichemke. Mama watoto ananipita akiwa na sufuria, ananiuliza kama namsubiri samaki. Wajukuu wameleta wenzao wa jirani waje kutazama. La kuudhi zaidi, ngazi zimeanza kuuma kidogo kuliko zamani, na mama muuza genge anadai ni bamia zake.

Juzi binti ameniangalia, akaridhika, akasema sasa tuongeze ugumu: mguu mmoja, macho nimeyafumba. Nimemuuliza kama bima yangu inalipia meno.