Fisi Kamla Mashaka, Sasa Jibu Maswali

Hivi ni nani aliyewaambia wachapishaji wetu kwamba hadithi ya mtoto haijaisha mpaka iwe na mtihani? Chukua kitabu chembamba cha watoto, funua ukurasa wa mwisho. Fisi ndiyo kwanza kamaliza kumtafuna Mashaka, mtoto asiyesikia la mkuu, hata mifupa haijapoa, na papo hapo chini yake: Zoezi. Kwa nini fisi alimla Mashaka? Taja tabia tatu mbaya za Mashaka. Hadithi hii inatufundisha nini? Inatufundisha kwamba hata ukijifungia chumbani na kitabu, mwalimu yuko mvunguni anasubiri.

Mtu mzima akimaliza kusoma habari za Simba na Yanga gazetini, hakuna anayemwambia atunge sentensi kwa kutumia neno "kipigo". Watoto wamekosa nini?

Na balaa linaanzia dukani. Niliingia na binti yangu kwenye duka moja la vitabu na vifaa vya shule. Vitabu viko nyuma ya kaunta, vimebanwa kati ya rimu za karatasi na mikebe ya hesabu, vimetugeuzia migongo.

"Karibu mzee wangu. Cha darasa la ngapi?"

"Natafuta cha hadithi tu, cha kusoma nyumbani."

"Sawa, vipo. Cha hadithi cha darasa la ngapi?"

Nikasalimu amri, nikasema la tatu. Akateremsha vitatu, akavifuta vumbi, akavipanga mbele yangu mimi. Binti akanyoosha mkono. "Mama, usishike, kitachafuka." Jamani! Hata nyanya sokoni tunazibonyeza kwanza, sembuse kitu ambacho mtoto anatakiwa alale nacho? Kuna kipimo walimu wengi wanakifahamu, wala hakina gharama: mtoto afungue ukurasa wowote, asome, na kila neno linalomshinda akunje kidole kimoja. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu hicho bado ni kizito, asome na mkubwa au kingoje mwakani. Sasa ukurasa atafunguaje wakati muuzaji amekishikilia kama hati ya nyumba?

Sisi wazazi nasi hatuna nafuu. Pembeni yangu alikuwepo baba mmoja akipima vitabu kwa unene. Alichopewa akakirudisha, eti kina picha tupu, hela yake haiwezi kununua picha. Nilitamani kumwambia kwamba kwa mtoto anayeanza kusoma, picha ndiyo inayomshika mkono: neno likigoma, anachungulia picha, anabahatisha, anapatia, anasonga mbele. Sikumwambia. Alikuwa ameshachagua kamusi.

Wachapishaji wenyewe nikiwawazia sana, hasira zinapungua. Kitabu cha hadithi hapa kwetu mnunuzi wake mkubwa ni shule. Hata Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991 na kutuletea hadithi nyingi za Kiswahili, vitabu vyake vilikwenda mashuleni. Ukijua anayenunua ni mwalimu, utamwandikia mwalimu. Mtoto utamkumbuka kwenye jalada.

Lakini wapo waliomkumbuka hadi ndani. Marehemu Edwin Semzaba katika Marimba ya Majaliwa alimzungusha kijana mpiga marimba Tanzania hii, na msomaji anazunguka naye bila kujua kwamba tayari yuko kwenye somo la jiografia. Na kuna yule mzee wa siku zote, Abunuwasi. Binti yangu alikutana naye kwenye kisa cha sufuria: kaazima sufuria kwa jirani, kairudisha na kisufuria kidogo ndani, eti imezaa. Jirani kwa tamaa akapokea vyote viwili. Safari ya pili sufuria haikurudi. Imekufa! Na wewe uliyekubali kwamba sufuria huzaa, leo utakataaje kwamba hufa?

Alicheka mpaka akaanguka kwenye mkeka. Kesho yake nikamdai kalamu yangu niliyomwazima.

"Baba, pole. Kalamu imefariki."

"Imefariki? Ilizaa lini?"

Akafikiri kidogo, akaenda kuileta. Sasa niambieni ni zoezi gani la ufahamu lingemfikisha pale.

Shangazi yake alikuja juu. "Mnamfundisha mtoto utapeli!" Akataka asomewe kitabu cha maadili, na akakileta mwenyewe, cha mtoto mvivu aliyefeli mtihani akaishia kuchunga mbuzi. Binti alikisoma, akauliza kama na yeye anaweza kupewa mbuzi. (Abu Nuwas wa kweli alikuwa mshairi wa Baghdad aliyesifia mvinyo bila kificho. Habari hiyo shangazi hajaipata, na naomba iishie hapa hapa.)

Siku hizi tukitaka amani tunakwenda Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Imefunguliwa tangu 1967, ina sehemu ya watoto, na mtoto anashika kitabu kwa mikono yake, anakiacha, anachukua kingine, hakuna anayemwita mchafuzi. Kero ni kwamba anachagua kile kile cha juzi, na mimi ndiye ninayetakiwa kukisoma kwa sauti ya chura. Nikiruka mstari ananirudisha. Kumbe anakijua chote kwa moyo, na maneno yake ameanza kuyatumia kwa majirani.

Mjomba wake kasikia kwamba siku hizi mtoto anapenda sana kusoma. Amefurahi mno. Ameahidi kumletea zawadi ya sikukuu: mkusanyiko wa mitihani ya darasa la nne ya miaka iliyopita, pamoja na majibu.