Propela Sebuleni

Ndege yetu ni Cessna 182P ya mwaka 1974, ambayo mume wangu, Baba Zuhura, alinunua kwa ushirika na mdogo wake. Inalala Uwanja wa Wilson, karibu na nyumbani kwetu Lang'ata, na safari yake kubwa ni kutupeleka Manda, tukavuke kwa boti hadi Lamu kwa mama mkwe. Jumamosi tuliyokuwa tuende kumchukua, Baba Zuhura alirudi kutoka uwanjani kabla sijafunga mizigo. Mkononi alishika kitambaa cheupe chenye doa jekundu.

Sikuhitaji kuelezwa. Baadhi ya vitovu vya propela za McCauley hujazwa mafuta yaliyotiwa rangi nyekundu kwa makusudi, ili kitovu kikianza ufa mafuta yapenye nje na mtu ayaone kabla panga halijachomoka angani. Mara nyingi huwa ni mpira wa kuzuia mafuta tu uliochoka, na hilo ndilo tuliloliomba. Karakana ilipofungua, ilikuta ufa. Mapanga nayo yalikuwa yamepigwa tupa miaka na miaka kuondoa alama za kokoto za viwanja vya vumbi, hata upana wake ukashuka chini ya kipimo. Kwa hiyo tulitafuta propela nzima.

Watu wengi huona kwamba propela ni propela. Ya kwetu ina kipenyo cha inchi 82, kama mita 2.08, na ndege inapopaa huzunguka mara 2,600 kwa dakika. Piga hesabu: ncha ya panga inakata hewa kwa mwendo wa takriban mita 283 kila sekunde, zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa. Mkwaruzo mdogo wa jiwe, ukiachwa, hugeuka mwanzo wa ufa. Na kila mlipuko ndani ya silinda za injini hutikisa kitovu na mapanga kwa namna yake, ndiyo maana propela hujaribiwa pamoja na injini yake mahususi. Zikichanganywa zisizojuana, mtikisiko unaweza kula panga kimyakimya na rubani asihisi kitu.

Mimi si rubani. Nilifanya kazi masijala ya hospitali hadi nilipostaafu, na kazi ya kusoma namba na kulinganisha karatasi nilipewa mimi bila mjadala. Yetu iliandikwa C2A34C204/90DCB-8. Ukizoea, inasomeka vizuri: ile 2 ya mwanzo ni idadi ya mapanga, 90 ni kipenyo cha msingi cha panga kwa inchi, 8 ya mwisho ni inchi zilizopunguzwa, ikabaki 82. Kisha ipo hati ya aina ya ndege, namba 3A13, ya mamlaka ya anga ya Marekani, inayotaja kila modeli ya 182 inaruhusiwa kufungwa injini gani na propela gani. Niliichapa nikaibandika kwenye mlango wa friji, na watoto walipokuja kutafuta maziwa waliisoma hata wakaishika kichwani.

McCauley ilianza Dayton, Ohio, mwaka 1938, na Cessna wakainunua 1960, kwa hiyo Baba Zuhura alitumaini vipuri havitakuwa shida. Propela mpya zipo, ila bei yake ilitupita kimo. Tukaanza kutafuta iliyotumika na kukarabatiwa upya.

Hapo ndipo shemeji alipoingia. Aliingia usiku, mvua inanyesha, na propela imefungwa kamba juu ya pikapu. Aliitoa ghala la shamba upande wa Nanyuki, ambako rubani mmoja wa zamani aliiacha alipouza ndege yake. Walikuja nayo ndani wawili, wakailaza sebuleni, ikapita urefu wa kitanda cha wageni. Ilikuwa imepakwa rangi, inang'aa. Baba Zuhura alipiga magoti akapitisha kidole ukingoni mwa panga, na nilimwona uso ukifunguka kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya doa. Mama mkwe, ambaye ilibidi aje kwa basi, akaingia jikoni kukaanga mahamri.

"Shemeji, tazama mwenyewe," shemeji aliniambia. "McCauley hiyohiyo, mapanga mawili, hata matundu yanakaa sawa."

"Ahsante, shemeji. Kitabu chake kiko wapi?"

"Kitabu? Mwenyewe ameshafariki. Nani atajua kitabu kilipo?"

Nilichukua tochi nikasoma kitovu. Namba yake haikuwamo katika hati ya 182P. Na hata ingekuwamo, hapakuwa na karatasi ya kusema imezunguka saa ngapi, ilikarabatiwa lini, iliwahi kupiga ardhi au la. Propela iliyopiga ardhi huweza kunyooshwa na kupakwa rangi, ikapendeza kama hii.

"Mwanangu," mama mkwe alisema kutoka mlangoni, mwiko mkononi, "mwenzio kasafiri na mvua kukuletea, nawe wamuuliza vyeti?"

"Nisamehe mama. Lakini anayekaa kiti cha mbele tukirudi Lamu ni wewe."

Usiku ule hatukula kwa furaha. Shemeji aliondoka bila kuaga vizuri, na Baba Zuhura hakusema neno hadi asubuhi, aliponiambia kwamba injinia wa Wilson asingeitia sahihi kamwe, nami nilijua. Kilichoniuma ni kuwa alihitaji sahihi ya injinia ili akubali. Kwangu mimi kipuri kisicho na historia ni mgonjwa asiye na faili: unaweza kumwona mzima, lakini humpi dawa kwa kubahatisha.

Propela ile ilikaa sebuleni kitambo. Mama alianika kanga juu yake.

Jaribio lililofuata nalipita haraka, kwa sababu lilinikera tu. Muuzaji wa ng'ambo alileta kitovu chenye namba sahihi ya modeli, tukakilipia ushuru, kumbe namba ya utambulisho iliyogongwa kwenye chuma na ile ya cheti zimetofautiana tarakimu moja. Aliandika kwamba ni makosa ya uchapaji. Tukamrudishia.

Iliyofaa ilitoka kwa karakana ya propela huko Marekani: modeli yetu, ukarabati kamili, fomu 8130-3 yenye sahihi, na namba za kitovu na za mapanga yote mawili zikilingana na karatasi. Nilizisoma kwa sauti, Zuhura akafuatisha kwa kidole. Kisha ikaibuka kofia ya mbele ya propela: bamba lake la nyuma lilikuwa limechanika pembeni, na kofia yenyewe hucheza isipokazwa kwa vipande vyembamba vinavyopangwa mbele hadi ishike barabara. Fundi alivipanga kwa subira kubwa. Injini ilipowashwa na propela kuzungushwa ikiwa ardhini, kioo kilibaki kikavu.

Baba Zuhura ndiye aliyemwita shemeji aje. Hakumwita kwa ajili ya karamu. Kitovu chetu cha ufa kilikuwa bado hangani, na tayari mtu mmoja alikwisha kukiulizia bei. Nilisema kikatwe. Kikiuzwa, kitapakwa rangi, kitalazwa sebuleni mwa mtu mwingine, na huenda huko hakuna wa kusoma namba. Shemeji alikitazama kwanza, akakigeuza, akauona ule ufa kwa macho yake. Akashika msumeno mwenyewe, akaanza kukata pale palipogongwa namba.

Alipomaliza alifuta jasho akaniuliza, "Na ile ya Nanyuki?"

"Kuna kitabu?"

"Hakuna."

"Basi ilete."