Barua ya Wazi kwa Afisi Husika Kuhusu Ambulensi na Fundi Wake

Kwa Afisi Husika,
Ghorofa ya Juu,
Nairobi.

MINT: UKARABATI WA AMBULENSI ZINAZOHUDUMIA KIBERA NA KAWANGWARE

Ambulensi ni gari la kumfikisha mgonjwa kwa daktari. Afisi Husika imekuwa ikitumia fasili nyingine, kwamba ambulensi ni gari la kukatiwa utepe, na kwa fasili hiyo magari yake yote yako katika hali nzuri. Maelezo haya yametungwa kwa ajili ya afisa ambaye hajawahi kuinua boneti, nayo yanafuata maisha ya gari lenyewe tangu linunuliwe hadi lipigwe mnada.

Msingi wa jambo uko kwenye Katiba ya 2010. Jedwali la Nne linazitaja huduma za ambulensi waziwazi miongoni mwa kazi za kaunti, na Kifungu cha 43 kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Katiba haikutaja breki. Huenda walioiandika walidhani hilo linajulikana. Ni haki pia kukiri kwamba si kila linalotokea ndani ya ambulensi ni la fundi. Oktoba 2015, majeruhi mmoja wa ajali alikaa ndani ya ambulensi saa 18 jijini Nairobi akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na hatimaye akafariki. Gari lilikuwa linakwenda. Kilichokwama ni milango ya hospitali, na milango si kazi ya gereji.

Magari yanayotumika sana kwa kazi hii nchini ni mawili. Toyota Land Cruiser ile ya bati, ya mfululizo wa 70, mara nyingi huwa na injini ya dizeli ya lita 4.2, silinda sita, bila tabo na bila kompyuta. Fundi wa jua kali huijua hata gizani. Toyota HiAce ni laini kwa mgonjwa na rahisi kupakia machela, ila tumbo lake liko chini, na injini zake za siku hizi hudai mashine ya kupimia kabla hazijasema zinaumwa wapi. Afisi huchagua kati ya hizo kwa kigezo cha bei ya kununulia. Bei ya kulitunza gari haimo kwenye fomu.

Uzinduzi ndio hatua ambayo Afisi huimudu kuliko zote. Magari hupangwa uwanjani yakiwa yameoshwa, king'ora hulizwa, vimulimuli huwashwa mchana kweupe, na mheshimiwa huketi nyuma ya usukani apigwe picha. Ubavuni huandikwa jina la mfadhili, mara nyingi kwa herufi kubwa kuliko namba ya simu ya kuliitia gari. (Mfadhili halisi ni mlipa kodi, lakini mlipa kodi ana majina mengi na ubavu wa gari ni mfupi.) Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Afisi imeusoma usemi huu kama mwongozo wa ununuzi: ufa hauna sherehe, ukuta una bango la ufunguzi. Jozi ya pedi za breki haijawahi kukatiwa utepe. Hata kampeni ya Beyond Zero, iliyoanzishwa na Margaret Kenyatta mwaka 2014 na kuzipelekea kaunti kliniki tamba, haikuliepuka hilo. Baada ya miaka michache magazeti yalikuwa yakiandika kuhusu baadhi ya kliniki hizo zilizokuwa zimeegeshwa tu.

Baada ya sherehe huja kazi, na kazi ya mitaa hii ni ya aina yake. Ambulensi ya Kibera haiendi mbali: Hospitali ya Mbagathi iko ukingoni mwa mtaa, na Hospitali Kuu ya Kenyatta iko jirani. Lakini safari hiyo fupi ni ya gia ya kwanza na ya pili. Ndani ya Gatwekera, Lindi, Mashimoni au Silanga kuna vichochoro ambamo watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Gari hubaki barabarani, na mgonjwa huletwa kwa mkokoteni, kwa bodaboda akiwa ameshikiliwa katikati, au juu ya mlango uliong'olewa kwenye bawaba zake. Muda huo wote injini inanguruma. Dereva haizimi, kwa sababu betri ikigoma kuiwasha tena atasukumwa na umati uliokuja kutazama. Kawangware magari hufika karibu zaidi na nyumba, ila Naivasha Road, kutoka Dagoretti Corner kuelekea steji ya 46, ina matatu, mikokoteni na mitumba iliyotandazwa hadi kwenye lami. King'ora hapo ni ombi tu.

Hapa ndipo hesabu ya Afisi hupotea. Sevisi hupangwa kwa kilomita: 5,000 zikitimia, oili na filta. Kumbe saa moja ya kunguruma mahali pamoja huichosha injini, kwa makadirio ya mafundi wa magari ya kazi, sawa na mwendo wa kilomita 40 au zaidi. Dizeli isiyoungua sawasawa huacha masizi, nyingine huteremka kwenye oili, na injekta huanza kuziba. Dashibodi inasema gari limekwenda kilomita 3,000 tangu sevisi; oili ikimwagwa ni nyeusi tii na nyepesi. Afisi huiamini dashibodi kwa kuwa ina tarakimu.

Umeme ni sura nyingine. Fundi huanza kwa mita. Betri nzima iliyojaa husoma karibu volti 12.6 injini ikiwa imezimwa. Injini ikiwaka na alternata ikiwa na afya, mita hupanda kati ya 13.8 na 14.4. Kisha huongeza mzigo mmoja mmoja: vimulimuli, king'ora, taa za nyuma, mashine ya kufyonza makohozi, inveta. Injini ikinguruma bila mwendo, alternata haitoi nguvu zake zote, na mita huanza kuteremka, 13.2, 12.8, 12.4. Ikifika hapo, gari linaila betri yake na mgonjwa hajatoka kichochoroni. Dawa yake ni alternata kubwa zaidi, betri ya pili kwa vifaa vya mgonjwa, na relei ya kuzitenganisha betri hizo. Dawa ya Afisi, iliyo nafuu, ni waraka wa kuwaagiza madereva wasilize ving'ora ovyo.

Yapo pia mambo ambayo fundi wa matatu anaweza kuishi bila kuyajua. Mikono yenye grisi haigusi vali ya mtungi wa oksijeni, kwa maana mafuta yakikutana na oksijeni safi yenye shinikizo huweza kuwaka bila kiberiti. Sakafu iliyomwagikiwa damu hupigwa klorini ya asilimia 0.5 kabla mtu hajalala chini ya kiti, na uvungu wa reli ya machela hukaguliwa kwa tochi na koleo, si kwa vidole, kwa kuwa sindano huangukia huko. Klorini nayo hula bati. Isiposuuzwa kwa maji, sakafu hutoboka kwa kutu huku injini ingali nzima, na hivyo gari huuawa na usafi. Chanjo ya homa ya ini aina ya B hutolewa kwa wahudumu wa afya. Fundi, kwa mujibu wa orodha, ni mhudumu wa vyuma.

Kuharibika kwenyewe huchukua dakika chache. Kilicho kirefu ni kuandikwa kwake. Pampu ya maji ya Land Cruiser ikianza kuvuja, injini huchemka, na kuibadilisha pamoja na feni belti ni kazi ya nusu siku kwa mwenye spana zake. Dereva huandika kasoro kwenye kitabu cha gari. Afisa wa uchukuzi hutia sahihi akirudi kutoka semina. Mkaguzi wa magari ya serikali huitwa athibitishe kwamba pampu inayovuja inavuja. Bei hutafutwa kwenye gereji tatu, hati ya kuagiza kazi hupandishwa kwenye IFMIS, mfumo wa fedha wa serikali, mfumo hulala, huamka. Gereji iliyoshinda hukumbuka kwamba bili zake za mwaka jana hazijalipwa, nayo hulifungia gari nyuma ya lango. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 haina kosa lolote hapa. Ilitungwa kuzuia wizi, na imefaulu kuuchelewesha.

Fundi wa kuifanya kazi hiyo yupo Kawangware, kando ya barabara, chini ya turubai. Serikali imemtambua kitambo. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, ya 1972, ilimwingiza kwenye vitabu vya uchumi. Waraka wa sera Namba 2 wa 1992 uliandikwa kwa ajili ya jua kali. Na tangu 2013 asilimia 30 ya zabuni za umma imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ili aifikie asilimia hiyo anatakiwa awe na usajili wa biashara, namba ya KRA, cheti cha kulipa ushuru, cheti cha AGPO cha kushiriki mgao huo, anwani isiyobomolewa na tingatinga, na mtaji wa kungojea malipo hadi mwaka mwingine wa fedha. Cheti cha ufundi cha NITA, ambacho kingeonyesha kama kazi anaijua, huulizwa mwisho.

Basi zabuni humwendea mwenye gereji ya mkoba, yaani kampuni yenye vyeti vyote na isiyo na spana hata moja. Mwenye mkoba hulichukua gari akalipeleka Kawangware, kando ya barabara, chini ya turubai. Fundi yule yule hubadilisha pampu ile ile kwa nusu siku ile ile, hulipwa jioni kwa M-Pesa, na ankara hupanda ghorofani ikiwa imeota tarakimu njiani. Pampu yenyewe si mpya. Pesa ya pampu mpya iliteremka vituo vya njiani, kwa hiyo imenunuliwa ya mtumba kutoka Dubai, pale Kirinyaga Road ambako watu wa spea hadi leo hupaita Grogan. Gari limemfikia fundi wake baada ya miezi miwili, na halina waranti.

Mafundi hawadai makubwa. Wanataka kila ambulensi ifungwe kifaa cha kuhesabu saa za injini, ili sevisi ifuate kazi na siyo dashibodi. Wanataka mkataba wa spea wa muda mrefu badala ya kutafuta bei tatu kwa kila bolti, na utaratibu mwepesi kwa matengenezo ya pesa kidogo. Haya mawili ya mwisho yamo ndani ya sheria ile ile ya 2015, kurasa ambazo hazijakunjwa kona.

Gari linalongoja pampu haliketi bure. Lenzake likikosa alternata, yake hung'olewa. Likikosa injekta, hufunguliwa mbili. Sheria ya Afya ya 2017 hudai idhini ya maandishi kabla kiungo cha mtu hakijatolewa, lakini gari halina jamaa wa kulisemea. Katika ripoti ya mwaka gari hilo huhesabiwa kuwa moja ya ambulensi za kaunti, na hesabu haidanganyi, maana bamba la kaunti la 47CG bado limefungwa kwa skrubu zote.

Hatua ya mwisho ni mnada. Kamati ya kuuza mali hukutana, na gari hutangazwa gazetini pamoja na viti vilivyovunjika na mashine za chapa. Mnunuzi kwa kawaida ni mtu wa spea, naye hununua mawili. Hung'oa reli za machela, hupaka rangi juu ya jina la mheshimiwa, na kutoka kwenye mawili hupata moja zima. Baada ya wiki chache linabeba viazi kuingia soko la Kawangware. Vilivyobaki, ekseli, giaboksi na injekta nne, huvishusha Grogan, na mteja wa kwanza kuviulizia bei ni mwenye mkoba, anayetafuta vya kutia kwenye ambulensi zilizozinduliwa mwaka juzi.