Wimbo Usio na Amina

Minibasi ilikuwa bado haijafika barabara kuu ya M1 gunia langu lilipoanza kuimba.

Nilikuwa nimelipakata, gunia la mchele la kilo 25, na ndani yake, kati ya shati lililopigwa pasi na taulo, ilikuwamo laptopu yangu. Laptopu haibebwi kwenye begi la laptopu. Kushuka na begi la namna hiyo stendi ya Old Town pale Lilongwe ni sawa na kujibandika tangazo mgongoni. Gunia ndilo salama, ila gunia halina adabu. Gurudumu liliingia shimoni, mfuniko ukaachia, mashine ikazinduka usingizini, na mchezo niliouacha wazi tangu usiku ukaanza upya. Ti-ri-ti, ti-ri-ti, gitaa la kompyuta, sekunde nane. Kisha tena. Kisha tena. Tulikuwa wanne kwenye kiti cha watatu, na mdomo wa gunia mama yangu alikuwa ameufunga kwa lile fundo la kwetu Uvira, Kongo, lisilofunguka bila meno.

Abiria wa kiti cha nyuma akaanza kupiga makofi. Wa pembeni yake akaitikia. Tulipofika M1 nusu ya minibasi ilikuwa inaimba, tena kwa maneno, maneno ya nabii Eliya na wale kunguru waliomletea chakula, ambayo mimi sijawahi kuyaandika. Hata kondakta, Mchewa ambaye Kiswahili chake chote ni "songa", alishika sauti ya pili. Mama mmoja wa kitenge cha kijani akanigeukia.

"Kijana, huo ni wimbo wa kwaya yetu. Nani amekuruhusu kuutia ndani ya gunia?"

Wimbo ni wangu. Nimeutunga mimi. Lakini watu wakiwa wanamsifu Mungu kwa hitilafu ya laptopu yako, na wewe umebanwa kati ya mama huyo na kuku wake, huo si wakati wa kudai hakimiliki. Nikasema, "Samahani mama," nikawa mwizi wa mali yangu mwenyewe hadi Lilongwe.

Mimi natengeneza gemu. Nilimwambia hivyo karani mmoja aliyekuwa anajaza fomu za watu, akaniangalia, akaandika "mchezaji". Karatasi hiyo ipo hadi leo, na kocha wa timu ya mtaa amekwisha kunifuata mara mbili kuhusu nafasi ya beki wa kushoto. Naishi Dzaleka, wilaya ya Dowa, Malawi, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali ambapo enzi za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa siasa. Ilipangiwa watu kama 10,000 hivi; sasa tumepita 50,000, Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na wengine, na tunaogombana kwa Kiswahili ndio wengi. Jina lenyewe, Wachewa wanasema, linatokana na neno la mtu anayeapa kwamba ataacha, hatarudia tena. Wafungwa waliapishwa hivyo. Mimi naapa hivyo hivyo kila saa tisa ya usiku, mbele ya mstari wa msimbo ambao jana ulikuwa unafanya kazi, na asubuhi narudia.

Kuna watu huuliza, mkimbizi na gemu wapi na wapi? Huwa nawatajia Lual Mayen, Msudani Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu, akafikisha dola 300, akamnunulia laptopu; naye akawa anatembea masaa matatu kwenda kuichaji. Humo akatengeneza Salaam, mchezo wa kumkimbiza mkimbizi salama, na mwaka 2018 akatunukiwa kwenye The Game Awards kule Marekani. Kosa langu ni kwamba habari hiyo nilimsimulia na mama. Aliuliza maswali mawili tu: huyo mtoto sasa anaishi wapi, na wewe kwa nini bado uko hapa?

Gemu yangu inaitwa Foleni. Uko kwenye foleni ya mgao, jua linapiga, nawe unasogea. Basi. Ni ndogo kwa makusudi. Siku hizi kuna gemu za gigabaiti 100 na ushei. Kwa bei ya bando la hapa, kupakua moja ni kuuza baiskeli, na ukimaliza kuipakua inakuambia kuna sasisho. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 nzima, na milima yake na mabomba yake na kobe wake, ilikaa kwenye kilobaiti 40. Shemeji yangu akinitumia WhatsApp picha ya mbuzi anayetaka kumuuza, mbuzi huyo peke yake ni mzito kuliko Mario mara tatu. Yule nyoka wa Nokia aliyetoka mwaka 1997 aliwalea watu wazima wa kambi hii yote, wakati mwingine kwenye simu isiyo na hata salio la kubipu. Mimi sina imani na gemu ambayo haiwezi kuchezwa na mtu aliyeishikilia simu kwa mkono mmoja na ndoo kwa mkono wa pili.

Foleni ilikuwa na kosa. Nafasi yako niliiweka kama namba, na karani wa kwenye gemu humwita mwenye namba ndogo kuliko wote. Sikuziba chini. Kwa hiyo ukimsukuma mtu kwa pembe fulani namba yako inashuka hadi sifuri, inapitiliza, inakuwa hasi moja, na wewe uliyefika wa mwisho unahudumiwa kabla ya wa kwanza. Nilipoligundua nilitaka kujificha. Wachezaji hawakulijua kuwa ni kosa. Walisema, "Huyu kaka anaijua foleni."

Muziki ndio ulinitesa. Nina maoni makali kuhusu muziki wa gemu, na jirani zangu wameyasikia yote kupitia ukuta wa tofali za udongo. Zile orkesta za watu 80 kwenye gemu kubwa ni kama harusi ya mtu usiyemjua: zinapendeza, na humo ndani hakuna anayekusalimia. Koji Kondo aliyeutunga muziki wa Mario hakuwa na orkesta, alikuwa na sauti chache za mashine, na hadi leo mtoto wa Dzaleka anaupiga kwa mluzi bila kujua umetoka Japani. Ule wa Tetris kwenye Game Boy ni wimbo wa kienyeji wa Warusi, Korobeiniki. Muziki wa gemu kazi yake ni kuzunguka bila kumchosha mtu, na kwa kuzunguka nani atatushinda sisi? UNESCO iliitambua rumba ya Kongo mwaka 2021, lakini waliosimama uwanjani wakati wa sebene walijua zamani kwamba gitaa lile lingeweza kuzunguka hadi asubuhi. Hakuna mtu aliyewahi kuuliza sebene inaisha saa ngapi. Inaisha bia zikiisha.

Basi nikatunga sebene ya sekunde nane, kwa LMMS, programu ya muziki isiyouzwa. Nikaisikiliza wiki tatu mfululizo nikiirekebisha, usiku, umeme unaporudi. Ng'ambo ya ukuta anaishi mama mwalimu wa kwaya. Alinigongea mara moja tu.

"Baba, huo wimbo wako hauna amina?"

"Hauna mwisho, mama. Ni wa kuzunguka."

Akaondoka anatikisa kichwa. Kumbe kichwa kilikuwa kinashika mdundo.

Sasa kuhusu programu huria. Hapa ndipo huwa nasimama kama mhubiri, na hapa ndipo niliponaswa. Foleni niliijenga kwa Godot, injini ya kutengenezea gemu iliyoanzishwa na Waajentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, wakaifungulia dunia mwaka 2014. Haina ada. Mwaka 2023 kampuni ya Unity, yenye injini nyingine, ilipotangaza kutoza ada gemu inaposakinishwa, watengenezaji wakapiga kelele hadi ada ikaja kufutwa, mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nakula ndagala kwa utulivu wa mtu asiye na deni.

Mjomba aliniuliza jina la Godot limetoka wapi. Nikamweleza: kuna tamthilia ya Samuel Beckett, ilichezwa mara ya kwanza Paris mwaka 1953, watu wawili wako njiani wanamsubiri mtu anayeitwa Godot. Kila siku wanaambiwa haji leo, bila shaka atakuja kesho. Hawaondoki. Mjomba faili lake la kuhamishiwa nchi ya tatu lina umri wa mtoto wa sekondari. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Huyo Beckett alifika Dzaleka mwaka gani?"

Ugumu ni kuwaeleza watu neno lenyewe. Waingereza wana neno moja kwa bure na huru, na tangu Richard Stallman aanzishe mradi wa GNU mwaka 1983 hawajamaliza kufafanuliana. Sisi tumejaliwa: bure ni bure, huru ni huru, na watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili, neno "huria" lilikuwapo linasubiri. Lakini tuna balaa letu. Bure kwa Kiswahili pia ni kitu kisicho na maana. Ukisema kazi yako ni ya bure, mama wa mtu anasikia kwamba mwanawe ni mtu bure. Mrundi wa nyumba ya tatu ndiye pekee aliyenielewa mara moja: kwa Kirundi kitu cha kupewa ni cha "ku buntu", na ubuntu ni utu. Kwake Ubuntu, ule mfumo wa kompyuta, ulikuwa umekwisha kujieleza kwa jina.

Kwa hiyo Foleni niliitoa kwa leseni ya MIT, sawa na Godot. Leseni hiyo ni fupi na ni karimu: nakili, badilisha, hata uza, jambo moja tu, maneno ya leseni na jina la mwenyewe yabaki. Kijana wa kibanda cha kuchaji simu, anayejaza watu nyimbo na filamu kwenye memori kadi, alitimiza yote isipokuwa hilo moja. Alinakili. Akauza, kwacha 200 kwa simu. Akatoa jina langu, akaweka lake. Na kilichoniuma zaidi, akabadilisha: aliliona lile kosa la hasi moja, akaliziba kwa mstari mmoja safi ambao mimi nilikuwa nautafuta miezi miwili.

Wiki haikuisha, wateja walimrudia wamekasirika. Hii si Foleni yenyewe, wakasema, hii umechakachua, ile ya kweli ina ujanja. Akaja kwangu usiku, kofia mkononi, kuniomba kosa langu. Nikampa. Jina langu pia alilirudisha, ingawa kwa herufi ndogo mno.

Huko nyuma ya ukuta mama mwalimu alikuwa amemaliza kuuvika wimbo wangu nabii Eliya.

Nirudi kwenye minibasi. Nilikuwa naenda City Centre kuwaonyesha gemu watu wa mradi fulani, nina karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini na dakika arobaini za kuzungumza. Lilongwe ni mji uliopangwa, makao makuu ya nchi tangu 1975, lakini maeneo yake yana namba zisizofuatana: unatoka namba moja, jirani yake ni nyingine ya mbali kabisa. Kwa mtu wa kompyuta ni kama kutembea ndani ya diski iliyotawanyika. Niliuliza njia kwa Kichewa changu, "Pepani, bwana," nikaelekezwa vizuri sana mahali pengine. Nilifika nina jasho hadi kwenye soksi.

Nikakata kamba kwa meno, mbele yao. Nikafungua laptopu. Giza. Ilikuwa imeimba tangu Dowa hadi betri ikaisha.

Chaja nilikuwa nayo. Ila chaja yangu ilivuka mipaka nami, ina miguu miwili ya duara, ya kwetu, na soketi za Malawi ni za matundu matatu ya pembe. Nyumbani hili si tatizo: unachomeka kifuniko cha kalamu kwenye tundu la juu, vile vipazia vya chini vinafunguka, unaingiza. Tunafanya hivyo kila siku (wewe usijaribu). Nilichomoa kalamu mfukoni, nikapiga goti, na dada wa mapokezi akapiga ukelele uliowatoa watu vyumba vya jirani. Adapta haikupatikana. Ikabidi niwaambie wasimame.

"Hii ni gemu ya foleni," nikasema. "Naomba mpange foleni."

Wakapanga, watu tisa wa suti na vitambulisho shingoni, mimi nikawa karani. Nikawaimbia muziki kwa mdomo, ti-ri-ti, sekunde nane. Dakika ya tatu bwana mmoja mnene akatoka nyuma, akapita pembeni kwa kisingizio kwamba ana mkutano, akasimama mbele ya wote. Nikamwambia, "Hongera, umepata hasi moja." Walicheka hadi wakakaa chini. Walisema wameipenda sana na kwamba watanipigia simu.

Mjomba aliniuliza watapiga lini. Nikamwambia hawakusema. Akanisogezea kigoda.

Usiku ule mama mwalimu alinigongea mara ya pili. Habari za minibasi zilikuwa zimemfikia, na aliona aibu kidogo, si nyingi. Alikuwa na sahani ya ugali na ndagala, na ombi. Jumapili kwaya yake ilisimama kuuimba wimbo wa Eliya, na hakuna aliyejua pa kuishia. Waliimba dakika ishirini na tano. Mchungaji aliinuka akajaribu kuanza mahubiri, akakaa, akainuka tena. Mzee wa kanisa alizunguka na sadaka mara mbili.

"Baba, nitungie mwisho."

Nikachomeka spika ukutani, nikaanza. Nikajaribu kuushusha taratibu, akasema unasinzia. Nikajaribu kuukatia kwa ngoma. Akasema hiyo ni baa. Saa tano usiku tulikuwa tumekataa miisho kumi na moja, na sebene ilikuwa inazunguka tu, ti-ri-ti, ti-ri-ti, mimi nimeegemea ukuta macho yanafumba, umeme ukakatika. Spika ikanyamaza katikati ya noti.

Mtaa mzima kimya. Kisha gizani, kutoka mlangoni, nikamsikia mama mwalimu amepiga kofi moja.

"Ee! Hapo hapo. Paache hivyo hivyo."