Ung'ae, Bosi?

Wakwe zangu wa Tanga wamenipa jina jipya tangu Jumamosi: Bwana Kachumbari. Watoto nao wameshalidaka, na simu ya mke wangu haitulii kwa vicheko vya dada zake.

Ilikuwa akika. Wanaume tumekaa uani kukata nyama, kila mtu na kisu chake cha dukani chenye mpini wa plastiki. Changu nikakitoa kwenye ala taratibu, ili wakione: kimefuliwa kwa springi ya lori, mpini wa mninga, umepigwa vanishi mkono juu ya mkono mpaka shemeji akajiona meno. Baba mkwe akauliza, "Mashallah, hiki umeagiza nje?" Nikajibu, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, kwamba ni cha oda, cha fundi wangu.

Mbuzi alikuwa amenona. Paja la kwanza likaenda vizuri. La pili nikataka kupitisha kisu kwenye kiungo. Nikabana, nikasukuma, kiganja kilichojaa shahamu kikabaki kitupu na mpini ukaenda zake. Kisu kilipaa, wallahi kilipaa, kikapita juu ya kofia ya baba mkwe na kutua wima katikati ya beseni la kachumbari, mbele ya mashangazi. Hakuna aliyepumua. Shangazi mkubwa akakichomoa, akakifuta kwa upindo wa kanga, akajitazama kwenye mpini, akaweka mtandio sawa, kisha akaniletea kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Mkwe, hiki ni cha kuweka kabatini. Kukatia, chukua cha mwenzio."

Jumatatu nilikuwa kijiweni kwa fundi, nimekuja na maneno yangu makali. Hakuniachia nafasi ya kuyasema, maana alianza kunisomesha, na ninakiri somo lilinoga. Vanishi, akasema, haiingii ndani ya mti. Inakaa juu, utando laini, na ukishapata mafuta mkono hauna pa kushika. Tena ikipata ufa mdogo pale mti unapokutana na chuma, maji yanapita chini yake, inaanza kubanduka magamba.

Mafuta ya mbegu za kitani ni habari nyingine kabisa. Hayo hayakauki kwa kuruka hewani, kama inavyoruka tina. Yanavuta oksijeni, yanashikana, yanageuka kitu kigumu humo humo ndani ya vinyweleo vya mti. Mafuta ya nazi, hata uyasomee dua, hayafanyi hivyo. Na katika kushikana huko yanatoa joto: tambara lililolowa mafuta ya kitani likifinyangwa na kutupwa pembeni linaweza kuwaka lenyewe, bila kiberiti. Miaka yote nikiona matambara ya fundi yameanikwa kambani, moja moja, yamekunjuliwa, nikimsifu kwa unadhifu. Kumbe anaogopa kuunguza banda.

Kabla ya mafuta kuna msasa. Namba 120, halafu 240, halafu mpini unapanguswa kwa kitambaa chenye maji. Alinipa mmoja niupapase: nyuzi zilizokuwa zimelala zimesimama, kama kidevu kisichonyolewa siku tatu. Zikikauka zinanyolewa kwa msasa wa 400, na hapo unaacha. Siku ukikiosha kisu hakuna tena cha kusimama, na mkono bado una cha kushika.

"Basi nifanyie wa mpingo," nikasema. Akacheka. Mpingo ni mzito hadi unazama majini, na umejaa mafuta yake wenyewe. Ukiupaka mengine yanabaki juu, yananata. Unataka msasa na kitambaa tu. Lakini atautoa wapi? Unaota Kilwa, unaota Nachingwea, ila gogo lililonyooka, lisilo na ufa, linasafirishwa likawe klarineti na obo. Sina ugomvi na klarineti. Ugomvi wangu ni kwamba fundi aliyezaliwa Lindi anaokota vipande vyenye nyufa, anaziba kwa gundi, halafu mteja anashika kisu, anakiinua juani, anasema mbona kazi haijamaliziwa. Katika wateja wote hao hajatokea hata mmoja wa kuomba maji kwanza alowanishe kiganja. Mpini unanunuliwa kwa macho. Mwenye ada za watoto za kulipa afanyeje, kama si kuzika kila kitu chini ya vanishi?

Mipini mingine nimeshaijaribu: ule wa nta niliusahau kwenye dashibodi, jua likamaliza kazi. Wa pembe ya ng'ombe anao mbwa wa jirani.

Nikaagiza mwingine wa mninga, mafuta ya kitani, bila vanishi. Fundi akachukua penseli sikioni, akaandika kwenye ubao: kupaka, kufuta, kusubiri, kupiga msasa, kupaka tena, wiki nzima. Akanigeukia.

"Wa kung'aa elfu arobaini, bosi. Usiong'aa, sitini."