Jinsi ya Kuihoji Sheria Ndogo Ukiwa na Magunia ya Mpunga

Umevuna mpunga kwenye majaruba ya Bahi, umepakia magunia yako matano kwenye Fuso, safari ni Dodoma mjini. Getini kijana mwenye mashine ya POS anakudai ushuru. Usipayuke, ila usilipe kimya kimya. Salimiana naye kwanza, kisha muulize taratibu: "Mwanangu, ushuru huu unatozwa kwa sheria gani?"

"Sheria ndogo ya halmashauri, mama."

"Tangazo la Serikali namba ngapi?"

Hapo foleni nyuma yako itaanza kupiga honi. Waache wapige. Swali lako ni la haki, na jibu lake lina manufaa kwao pia.

Sheria zina ngazi. Juu kabisa ni Katiba, zinafuata sheria zilizotungwa na Bunge, halafu kanuni za mawaziri, amri, na sheria ndogo za halmashauri na vijiji. Bunge haliwezi kukaa Dodoma likapanga utaratibu wa kila mnada wa mbuzi, ndiyo maana Ibara ya 97(5) ya Katiba inaliruhusu kukabidhi wengine madaraka ya kuweka kanuni zenye nguvu ya sheria. Halmashauri ya wilaya inayapata madaraka hayo kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287. Lakini aliyepewa hawezi kumpita aliyempa. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inasema wazi kwamba sheria ndogo ikigongana na sheria mama, ni batili pale inapogongana nayo.

Kwa hiyo ujue sheria mama inasemaje. Mwaka 2017, kupitia Sheria ya Fedha, Bunge lilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja unaovuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine ukaondolewa ushuru. Magunia matano ya kilo mia mia hayafiki tani. Kabla ya kusafiri, hakikisha viwango havijabadilishwa tena, maana Sheria ya Fedha hupitishwa kila mwaka. Ukilipa, dai risiti na uisome papo hapo: jina la halmashauri, kiasi, kontroo namba.

Usipojibiwa getini, panda juu. Sheria ndogo ya wilaya huidhinishwa na Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa na kuchapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Kisha sheria ndogo zinapaswa kuwasilishwa bungeni, nalo Bunge linaweza kuzitengua kwa azimio. Lina hata Kamati ya Sheria Ndogo kwa kazi hiyo. Mbunge wako akija kuomba kura, muulize kama sheria ndogo ya wilaya yenu iliwahi kufika huko.

Mahakama nayo ipo. Mwaka 1994, hapo hapo Dodoma, Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu alibatilisha vifungu vya sheria vilivyodai kibali cha kufanya mikutano, katika kesi ya Mchungaji Mtikila. Ikiwa sheria kubwa ilianguka, ndogo nayo inaweza kuanguka. Ila usichelewe: maombi ya mapitio ya mahakama yana ukomo wa miezi sita.

Njia iliyo bora kuliko zote ni kuiwahi sheria ndogo ikiwa bado rasimu. Halmashauri inatakiwa iwatangazie wakazi nia yake ya kuitunga, na mwenye pingamizi aandike. Kijijini ni rahisi zaidi: halmashauri ya kijiji ikitaka faini ya ng'ombe wanaoingia majarubani, ni lazima iwaite wanakijiji wajadili, kisha halmashauri ya wilaya ndiyo iidhinishe. Siku hiyo acha palizi, nenda. Omba isomwe kwa sauti, kiwango cha faini kitajwe kwa shilingi, na pingamizi lako liingie kwenye muhtasari. Usiondoke kabla mtendaji hajakusomea alichoandika.